Kukubali Nadharia ya Kisayansi si Kula Kiapo

Tangu tulipoanza kampeni ya elimu ya sayansi kwa umma, barua zinazoletwa katika idara yetu zimeongezeka, na nyingi kati yake zinauliza swali moja kwa maneno tofauti: je, taasisi inawataka wananchi "waamini" mageuko ya viumbe, yaani kwamba viumbe wana asili moja na wamebadilika kizazi hadi kizazi? Jibu fupi ni hapana. Jibu refu linatulazimu kueleza jambo ambalo sisi tunaoshughulika na mambo haya kila siku huwa tunasahau kulieleza, yaani mtu anapokubali nadharia ya kisayansi anakuwa amekubali nini hasa.

Sehemu ya mkanganyiko inatokana na lugha. Tumezoea kutenganisha mtihani wa nadharia na mtihani wa vitendo, na kwa mazoea hayo "nadharia" imekuwa jina la jambo lililobaki kichwani bila kujaribiwa. Katika sayansi, wazo linalosubiri kupimwa huitwa nadharia tete. Nadharia yenyewe ni maelezo yaliyokwisha kupimwa kwa njia nyingi zinazojitegemea, na hakuna cheo cha juu zaidi ambacho itapandishwa siku moja ili iitwe sheria. Jambo hili tumelijibu mara nyingi, na tungeshukuru lisirudiwe. Wapo pia wanaotuandikia kwamba neno "binadamu" lenyewe, yaani mwana wa Adamu, limekwisha kutoa jibu. Kwa heshima zote, umri wa mfupa haupimwi kwa kamusi.

Kukubali nadharia, kwa maana tunayoitumia, ni kuichukua kuwa ndiyo maelezo bora yaliyopo, kuitegemea katika kufikiri na kupanga utafiti, na kuafiki tangu mwanzo kwamba ushahidi ukiikataa itarekebishwa au itaachwa. Kwa hiyo nadharia inayostahili kukubaliwa lazima iwe imejiweka mahali inapoweza kuumbuka. Watafiti waliotafuta kiumbe wa kati ya samaki na wanyama wa miguu minne walikadiria kwanza umri wa miamba ambayo kiumbe huyo angepaswa kuwemo, ndipo wakaifuata miamba hiyo katika kisiwa cha Ellesmere, kaskazini mwa Kanada. Mwaka 2004, baada ya safari kadhaa zilizoambulia kidogo, walimpata Tiktaalik, mwenye umri wa miaka milioni 375 hivi, akiwa na magamba na mapezi ya samaki lakini pia shingo, na ndani ya mapezi hayo mifupa inayolingana na ile ya mkono.

Mfano wa pili unatugusa zaidi. Sokwe, gorila na orangutani wana jozi 24 za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli, nasi tuna 23. Ikiwa tuna asili moja, jozi nzima isingeweza kutoweka bila madhara makubwa, hivyo ilipasa kromosomu mbili za kale ziwe zimeungana, na kiungo chao kiwe kimeacha alama. Mwaka 1991 watafiti walitangaza kwamba katikati ya kromosomu ya pili ya binadamu kuna mabaki ya ncha mbili zilizogusana. Ncha za kromosomu hazina kazi ya kukaa katikati.

Hata hivyo, kukubali hakufanyiki kwa jumla kama mtu anunuaye gunia lililofungwa. Mwanasayansi anaweza kuwa na uhakika mkubwa kuhusu asili moja ya viumbe, na papo hapo akabishana na wenzake kuhusu uzito wa uteuzi wa asili, yaani wenye sifa zinazofaa mazingira kuishi na kuzaa zaidi, kama ilivyotokea baada ya mwanajenetiki Motoo Kimura kueleza mwaka 1968 kwamba mabadiliko mengi ya molekuli hayana faida wala hasara kwa kiumbe. Vilevile kuna wakati kusita kulikuwa na sababu nzuri. Mwaka 1862 mwanafizikia William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alikadiria kutokana na kupoa kwa dunia kwamba umri wake ni kati ya miaka milioni 20 na milioni 400, muda ambao Charles Darwin, mwasisi wa nadharia ya mageuko kwa uteuzi wa asili, aliuona mfupi mno kwa mageuko kutokea. Leo tunajua ni takriban miaka bilioni 4.5. Aliyesita mwaka 1870 kwa hoja hiyo alikuwa na haki yake. Anayeileta leo amechelewa.

Kuhusu wanaodai kwamba wanasayansi hulindana, utaratibu ni kama ifuatavyo. Makala hupokewa na mhariri wa jarida, naye huyapeleka kwa wahakiki, kwa kawaida wawili au watatu, ambao wanaweza kuyakataa, kuyarudisha yarekebishwe au kuyapendekeza. Baada ya kuchapishwa, kosa dogo hutolewa masahihisho. Shaka kubwa hutolewa tahadhari wakati uchunguzi ukiendelea. Na matokeo yakithibitika kuwa hayaaminiki makala hubatilishwa, lakini hayafichwi, bali hubaki yakiwa na alama ya ubatilisho ili kila msomaji aione. Mwandishi aliyeghushi anaweza kupoteza fedha za utafiti, ajira, na hata shahada. Fuvu la Piltdown, lililotangazwa Uingereza mwaka 1912 kuwa la binadamu wa kale, lilithibitishwa kuwa la kughushi mwaka 1953, na waliolifichua walikuwa wanasayansi. Miaka 41 ni mingi, na hatuitetei.

Juu ya dini, taasisi haina msimamo na haitakuwa nao. Tunakumbusha tu kwamba mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II alieleza kuwa mageuko ni zaidi ya nadharia tete, na kwamba Theodosius Dobzhansky, mmoja wa wajenzi wakuu wa jenetiki ya mageuko, yaani elimu ya urithi inayoeleza mageuko, alikuwa Mkristo wa Kiorthodoksi.

Mwenye pingamizi ataje dai analolipinga, aeleze ushahidi anaoutegemea, na aonyeshe ni matokeo gani yangemfanya abadili mawazo. Kipengele cha tatu ndicho kinachoachwa wazi mara nyingi, na barua inayokiacha wazi hurudishwa kwa mwandishi ikajazwe.