Eti Hitler ndo mwanzilishi wa haiwei?

Hii stori kwamba Hitler ndo aligundua zile barabara za kasi za Ujerumani bado inazunguka sana mitandaoni, watu wanaibeba kama ilivyo. Si kweli jamani.

Waitaliano walishafungua ya kwao 1924, kutoka Milano kuelekea kwenye maziwa (yale ya maji), ya magari tu na unalipia, na mfalme mwenyewe alipita siku ya uzinduzi ndani ya gari aina ya Lancia. Sasa Ujerumani, ile ya Köln kwenda Bonn ilifunguliwa Agosti 1932 na meya wa Köln, Konrad Adenauer, yule yule aliyekuja kuwa chansela baada ya vita. Hitler kaingia madarakani Januari 1933, hesabu mwenyewe.

Na hiyo barabara ilikuwa kama kilomita 20, njia nne, hakuna makutano, hakuna mkokoteni wa farasi wala mtembea kwa miguu, ila katikati hamna ukingo wa kutenganisha wanaokuja na wanaoenda. Ruhusa ilikuwa mpaka 120 kwa saa wakati magari mengi ya enzi hizo yakifika 60 yashachoka, so kibao chenyewe kilikuwa kama mapambo tu 😂

Wanazi, yaani chama cha Hitler, walichofanya ni kupanua mtandao na kupiga propaganda kali, na ile ya Köln wakaishusha daraja iwe barabara ya kawaida ili sifa za kwanza ziende kwao. Hata ile Volkswagen waliyowaahidi wananchi, watu walichangia kidogo kidogo kila wiki, vita ikaanza, gari hawakupewa.