Unga wa soya na magoti ya mama: maswali kutoka Mbeya

Muuzaji mmoja pale Mwanjelwa aliwaambia wateja wake kwamba unga wa soya "unazima moto mwilini". Tangu hapo akina mama wa Uyole wananiuliza kila wakiniona. Haya ni baadhi ya maswali yao.

Huo moto mwilini ni nini hasa?

Ukijikata na jembe, kidole huvimba, huwa chekundu, hupata joto na kuuma. Hiyo ni inflamesheni, kazi ya askari wa mwili. Baadhi yao ni makrofaji, seli kubwa zinazomeza vijidudu na kupiga mbiu kwa kemikali kama TNF-alfa na IL-6 ili wenzao waje. Mbiu ikipigwa siku mbili tatu, unapona. Isipokoma, kama kwenye baridi yabisi, askari hao huanza kuharibu viungo vyenyewe.

Soya inaingiaje hapo?

Protini ni kama mkufu mrefu, na shanga zake ni asidi amino. Tumbo na utumbo huukata. Vipande vifupi vya shanga chache huitwa peptidi. Soya ina peptidi iitwayo lunasini, yenye asidi amino 43. Maziwa yaliyochachushwa na bakteria aina ya Lactobacillus helveticus hutoa vipande vidogo zaidi, vya asidi amino tatu tu.

Maabara huchukua makrofaji, mara nyingi za panya, na kuzichokoza kwa kipande cha ganda la bakteria. Zikikasirika, hutiwa peptidi. Peptidi kadhaa za soya, maharage, maziwa na samaki zimeonekana kupunguza TNF-alfa na IL-6, kwa sababu zinazuia swichi ya ndani ya seli inayowasha utengenezaji wa kemikali hizo.

Kwa hiyo yule muuzaji alisema kweli?

Nusu. Seli iliyo kwenye kisahani cha maabara hupewa peptidi moja kwa moja. Wewe unameza uji. Peptidi nyingi hukatwa hadi asidi amino kabla hazijafika kwenye damu. Zinazopita nzima kirahisi ni zile za shanga mbili au tatu, na hata hizo kwa kiasi kidogo. Kutoka kisahani hadi goti la bibi yako kuna safari ndefu.

Mama yangu ana baridi yabisi na anataka kuacha dawa anywe uji wa soya.

Uji anywe, dawa asiache. Viungo vikishaharibika havirudi, hata kwa gunia zima la soya.

Tupikeje ili tupate faida?

Hapa ndipo ningependa muulize zaidi! Soya mbichi ina vizuizi vinavyokwamisha vimeng'enya vya kukata protini, na protini isiyokatwa haitoi peptidi. Ichemshe au uikaange vizuri kabla ya kusaga. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana lektini inayoleta kutapika na kuharisha saa chache baada ya kula. Na sisi tunaishi juu: Mbeya ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi badala ya 100. Shemeji yako wa Dar es Salaam akisema maharage yake yameiva kwa saa moja, usimfuatishe. Loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, chemsha kwa moto mkali hadi punje ibonyee kwa vidole. Kande nazo vivyo hivyo.

Nina gauti, ule ugonjwa wa viungo kuvimba na kuuma ghafla. Niache maharage?

Si lazima. Wasiwasi mkubwa ni pombe, nyama nyekundu, maini na dagaa.

Na mtindi wa kienyeji?

Ni mzuri, ila maziwa yachemshwe kwanza. Kuchacha peke yake hakuui kwa uhakika vijidudu vya bruselosi, homa itokayo kwa mifugo, wala vya kifua kikuu cha ng'ombe. Yakishapoa yakawa vuguvugu, tia vijiko viwili vya mtindi mzuri wa jana, funika, acha mahali penye joto. Kwa baridi yetu ya Juni, karibu na jiko.