Choo cha mtoto mchanga anayenyonya: yasemwayo uzazini na yaliyo kweli

Mtoto mchanga hana namna ya kutueleza hali ya tumbo lake isipokuwa kwa kilio na nepi, na kwa kuwa kilio kina sababu nyingi, nepi ndiyo inayochunguzwa zaidi. Mama aliyejifungua juzi huifungua, bibi huinama kutazama, shangazi naye hutoa hukumu yake: choo ni chepesi mno, ni cha kijani, kimekuwa kingi, au leo ni siku ya tatu hakijaonekana. Wote wanamtakia mtoto heri. Tatizo ni kwamba hukumu hizo, hata zinapopingana, aghalabu huishia mahali pamoja, yaani kumtilia mtoto kinywani kitu kisichokuwa maziwa ya mama yake, kama vile maji ya uvuguvugu, maji ya sukari, dawa ya chango, uji mwepesi au asali. Ndiyo maana dhana zenyewe zinastahili kupimwa moja baada ya nyingine.

“Maziwa ya njano ni machafu, yakamuliwe kwanza”

Maziwa ya siku mbili tatu za mwanzo, yaitwayo dang'a, ni mazito, ya njano na machache, na sifa hizo tatu ndizo zilizoyaponza. Wapo wanaoyaona kama maziwa yaliyochacha kwa kukaa kifuani muda wote wa ujauzito, wakayakamua na kuyamwaga huku mtoto akingojea maziwa meupe kwa kunyweshwa maji ya sukari. Kwa kweli njano hiyo inatokana na karotini, ile ile inayotia rangi karoti na embe, na uzito wake unatokana na wingi wa protini, nyingi kati ya hizo zikiwa ni kingamwili zinazoukinga utumbo wa mtoto dhidi ya vijidudu tangu saa zake za kwanza duniani. Uchache wake nao si upungufu. Tumbo la mtoto wa siku moja ni dogo, na vijiko vichache vya chai vya dang'a kwa siku nzima vinamtosha mtoto mwenye afya aliyezaliwa kwa wakati wake.

Dang'a ina kazi nyingine inayohusu nepi moja kwa moja, nayo ni kulainisha tumbo. Mtoto huzaliwa na choo kilichojikusanya tangu akiwa tumboni mwa mama yake, cheusi chenye ukijani, kinachonata kama lami, kilichotokana na maji ya uzazi aliyoyameza, ute, chembechembe za ngozi na za utumbo, pamoja na nyongo. Kwa kawaida huanza kutoka ndani ya saa 24 za kwanza. Zikipita saa 48 bila mtoto kupata choo, apelekwe akachunguzwe, kwa kuwa huenda njia ya haja kubwa haikufunguka sawasawa, au sehemu ya utumbo haina neva za kuuwezesha kusukuma. Ndani ya choo hicho mna bilirubini, rangi ya njano itokanayo na kuvunjika kwa chembe nyekundu za damu. Kikichelewa kutoka, rangi hiyo hufyonzwa tena na utumbo, hurudi kwenye damu, na manjano ya mtoto huongezeka. Kwa hiyo anayemwaga dang'a ili kumwepusha mtoto na uchafu humwachia uchafu tumboni. Manjano haya, inafaa kusema, siyo homa ya manjano ingawa wengi huyaita hivyo. Homa ya manjano ni ugonjwa wa virusi vinavyoenezwa na mbu.

Maziwa yanapoanza kujaa, baina ya siku ya pili na ya nne, choo hugeuka kuwa cha kijani au kahawia, na ifikapo siku ya tano kinatakiwa kuwa laini, cha njano inayokaribia rangi ya bizari, mara nyingi kikiwa na chembe ndogo nyeupe mithili ya ufuta. Mtoto ambaye siku ya tano bado anatoa choo cheusi huenda hapati maziwa ya kutosha, na jambo la kwanza la kufanya ni mtu mwenye ujuzi kukaa na mama na kumtazama mtoto akinyonya.

“Anaharisha: choo ni majimaji, tena mara nane kwa siku”

Katika wiki za mwanzo, choo chepesi cha mara kwa mara ni habari njema. Tumbo likipokea maziwa utumbo huamka, ndiyo maana watoto wengi hupata choo kila wanaponyonya au hata wakiwa bado wananyonya. Mara tatu, nne au zaidi kwa siku ndilo jambo la kutarajiwa katika mwezi wa kwanza. Mtoto wa jirani anayekunywa maziwa ya kopo hutoa choo kizito zaidi na chenye harufu kali, kwa hiyo kuwalinganisha wawili hao ni kujitafutia hofu bure.

Kuharisha hasa hutambulika kwa mabadiliko. Choo kilichozoeleka kinageuka ghafla kuwa maji matupu, kinazidi idadi yake ya kawaida, pengine kina makamasi au damu, na mtoto mwenyewe amelegea, ana homa au hataki ziwa. Mtoto mchanga wa namna hiyo apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, maana hukaukiwa maji upesi. Ziwa lisisimamishwe. Ushauri wa “kulipumzisha tumbo” kwa kumnyima maziwa humnyima mtoto maji na chumvi anazozipoteza wakati ule ule anapozihitaji.

“Siku tano hajapata choo, amefunga choo”

Hapa umri ndio unaoamua, na ajabu ni kwamba umri ndio unaosahauliwa. Mtoto wa siku 8 anayekaa siku mbili bila choo ana uwezekano wa kuwa hapati maziwa ya kutosha, naye apimwe uzito bila kukawia. Mtoto wa miezi miwili anayenyonya maziwa ya mama pekee anaweza kukaa siku 5, 7, na hata zaidi, bila choo na bila ugonjwa wowote, kwa kuwa mwili wake sasa unayatumia maziwa karibu yote na mabaki ni kidogo. Kipimo cha kufunga choo ni ugumu wa choo, wala si idadi ya siku. Kama choo kikija ni laini, mkojo ni mwingi, uzito unapanda na tumbo halijavimba likawa gumu, basi mtoto huyo ni mzima.

Vivyo hivyo kwa mtoto anayejikamua, akawa mwekundu usoni na kulia kwa dakika kumi au zaidi, kisha akatoa choo laini kabisa. Bado anajifunza kusukuma kwa tumbo na kulegeza misuli ya njia ya haja kubwa kwa wakati mmoja, na jambo hilo hupita lenyewe. Kumwingizia kipande cha sabuni, kama bado inavyofanyika katika nyumba nyingi, huunguza ngozi nyororo ya ndani, na kunaweza kumzoesha kungojea kichokoo badala ya kusukuma mwenyewe. Maji, juisi na dawa za mitishamba za kulainisha tumbo hazifai kwa umri huu hata kidogo.

“Choo cha kijani ni chango”

Kijani ni nyongo tu. Maziwa yakipita haraka katika utumbo, nyongo haipati muda wa kubadilika rangi, na choo hutoka na ukijani. Iwapo kina povu, kinatoka kwa kishindo na mtoto ana gesi nyingi, mara nyingine sababu ni mama mwenye maziwa mengi anayembadilishia mtoto ziwa mapema mno, hivyo mtoto akajaza tumbo kwa maziwa ya mwanzo yenye sukari nyingi na mafuta machache. Tiba yake ni kumwacha amalize ziwa moja ndipo apewe la pili. Pilipili, maharage na kabichi anazokula mama hazihusiki, kwa sababu gesi ya tumbo lake haiingii kwenye maziwa, na mzazi anayekatazwa nusu ya vyakula vya nyumbani hubaki na njaa isiyomsaidia yeyote.

Kwa maoni yangu, kelele hizi za kijani zimeifunika rangi moja inayopaswa kumtoa kila mtu nyumbani mbio, nayo ni nyeupe. Choo kilichopauka kama udongo wa mfinyanzi au chokaa maana yake nyongo haifiki kwenye utumbo, na huenda mirija yake imeziba au haikuumbika. Mtoto mwenye tatizo hilo huwa na manjano yasiyoisha baada ya wiki mbili na mkojo ulioiva rangi, lakini ananyonya na kucheka kama wengine, hivyo familia husubiri. Upasuaji wa kuirekebisha njia ya nyongo hufanikiwa zaidi ukifanywa kabla mtoto hajatimiza siku 60, na kila wiki inayopita ini linaharibika.

Damu nayo iangaliwe kwa utulivu. Mara nyingine ni damu ya mama iliyotoka kwenye chuchu zilizopasuka na kumezwa na mtoto, mara nyingine ni mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe anayokunywa mama, na mara nyingine ni ugonjwa mzito wa utumbo. Nyumbani hakuna njia ya kuzitofautisha, vivyo hivyo kwa choo kinachorudi kuwa cheusi baada ya kuwa cha njano.

“Analia kila saa, maziwa hayamtoshi, mpe japo maji”

Hakuna dhana iliyowavunja moyo akina mama kuliko hii. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku na usiku, na jioni anaweza kudai ziwa kila nusu saa, jambo linaloonekana kama njaa isiyoshiba. Matiti yanatengeneza maziwa kwa kadiri yanavyonyonywa. Kijiko cha maji au uji kinajaza tumbo, mtoto ananyonya kidogo, matiti yanapunguza kazi, na baada ya wiki moja maziwa yanapungua kweli, kisha aliyependekeza uji anaonekana alisema kweli.

Joto la Dar es Salaam au Mombasa halibadilishi hesabu hii, kwa kuwa takribani asilimia 87 ya maziwa ya mama ni maji. Shirika la Afya Duniani, ambalo awali lilikuwa likitaja miezi minne hadi sita, tangu 2001 linasema miezi sita kamili ya maziwa ya mama pekee. Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta asilimia 59 ya watoto wa chini ya miezi sita wanalishwa hivyo. Waliobaki walikuwa tayari wamepewa kingine. Asali ni hatari ya peke yake, kwani inaweza kubeba mbegu za bakteria wanaozalisha sumu ya kupoozesha misuli ndani ya utumbo wa mtoto, hivyo asionjeshwe kabla ya mwaka mmoja.

Mama anayetaka kujua kama maziwa yanatosha asiulize kilio. Ahesabu mkojo: nepi moja iliyolowa siku ya kwanza, mbili siku ya pili, na kuanzia siku ya tano au ya sita zisipungue sita kwa saa 24, mkojo ukiwa umepauka. Madoa ya rangi ya chungwa kwenye nepi ni ya kawaida siku mbili za kwanza, lakini yakionekana baada ya hapo yanaashiria maziwa machache. Kisha mizani ya kliniki: mtoto hupungua uzito siku za kwanza, isizidi asilimia 10, hurudia uzito wa kuzaliwa ifikapo wiki ya pili, na baada ya hapo huongeza gramu 150 hadi 200 hivi kwa wiki. Usipoongezeka, kwanza arekebishwe ukaaji wake kwenye ziwa, mdomo uwe wazi sana na kidevu kiguse titi, huku sauti ya kumeza ikisikika.

“Amebemendwa” na “ana meno ya plastiki”

Dhana mbili hizi hutajwa mtoto anapoharisha na kukonda. Ya kwanza hudai kuwa wazazi wamekutana kimwili kabla ya wakati, au mmoja ametoka nje ya ndoa, na maziwa yameharibika. Manii hayana njia ya kufika kwenye maziwa. Mtoto hukonda kwa maambukizi, kwa kulishwa vibaya, au kwa kuachishwa ziwa ghafla, na busara ya kuachanisha uzazi inapatikana kwa uzazi wa mpango bila kumbebesha mama aibu itakayomfanya amfiche mtoto wake asionekane kliniki.

Ya pili inaumiza zaidi kwa sababu inatumia chuma. Uvimbe mweupe kwenye ufizi, ambao ni chimbuko la jino la kawaida ambalo halijaota, huhesabiwa kuwa ndio unaoleta homa na kuharisha, ukachokolewa kwa sindano, kisu au spoku ya baiskeli. Kidonda hicho huleta damu nyingi, pepopunda na maambukizi ya damu, na huharibu meno ya baadaye, huku ugonjwa uliosababisha homa ukiachwa bila kutibiwa. Mtoto mchanga mwenye joto la nyuzi 37.5 au zaidi, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika, aliyeacha kunyonya, aliyepata degedege, anayetapika kijani, aliyevimba tumbo au mwenye manjano hadi viganjani na nyayoni, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Njiani awekwe kifuani kwa mama apate joto, anyonyeshwe kama bado anaweza, na nepi yake ya mwisho ibebwe ili daktari aione.