Imprintingi ni nini, na kwa nini kifaranga wako wa wiki tatu hajaifanya

Siku hizi kila mwenye bruda (boksi lenye joto la kulelea vifaranga) nyumbani ana video ya vifaranga wanamkimbilia, na maelezo ni yaleyale, "wameshaniimprinti hawa, wanajua mimi ndo mama yao." Ukiwaangalia vifaranga wenyewe wana wiki tatu hivi, manyoya ya mbawa yameshatoka, na mwenye video kashika sahani ya chakula. Jamani. Kifaranga anayekimbilia sahani anakimbilia sahani.

Maana yenyewe ni fupi. Imprintingi ni pale ndege anayetoka kwenye yai akiwa tayari anaweza kutembea (kuku, bata, bata bukini, kanga, kware) anajifunza ndani ya saa zake za kwanza kabisa duniani kwamba kile kinachotembea mbele yake ndo cha kukifuata. Kwa kawaida kitu hicho ni mama yake. Kinda la njiwa halihitaji mambo haya mapema hivyo, lenyewe linatoka halioni, linakaa kwenye kiota linaletewa. Kifaranga wa kuku akikosa wa kumfuata siku ile ya kwanza anapata baridi au anabebwa na mwewe, kwa hiyo lazima ajue haraka.

Sasa tofauti na kuzoea iko hapa, na ndo watu wanapopachanganya. Imprintingi haihitaji umpe kitu. Humlishi, humbembelezi, wala humshiki, kukiona tu kinatembea kunatosha. Kwenye majaribio vifaranga wamefuata mipira, maboksi ya rangi, hata taa inayowaka na kuzima, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichowahi kutoa punje ya mahindi. Kuzoea ni kinyume chake kabisa, kule kifaranga anapima: huyu kaja, sikuumia, tena kaja na chakula, basi kesho sikimbii. Hiyo unaweza kuianza siku yoyote, na ukiiacha inapungua.

Na kingine, imprintingi ina muda wake. Kwa kifaranga wa kuku ni kama siku moja, mbili za mwanzo, siku ya tatu mlango unaanza kufungwa kwa sababu hofu ya vitu vigeni imeshaingia. Hili wala si jambo jipya. Mwingereza mmoja, Douglas Spalding, aliliandika mwaka 1873. Alikuwa anawavika vifaranga vikofia vidogo vya kuwafunika macho toka wanatoka kwenye yai, halafu anawavua kwa nyakati tofauti. Waliovuliwa mapema walimfuata yeye mwenyewe kama wanavyomfuata kuku. Watatu aliowaacha mpaka wakakaribia siku nne, kuwavua tu, kila akiwasogelea wanakimbilia upande wa pili kwa woga. Yeye ni yuleyule, kilichobadilika ni umri wao. Baadaye Mjerumani Oskar Heinroth akaona jambo hilohilo kwa vitoto vya bata bukini, na Konrad Lorenz wa Austria ndiye aliyelitangaza mwaka 1935 kwa jina la Prägung, kupiga chapa, kama sarafu inavyopigwa, na mwaka 1973 akawa mmoja wa watatu waliogawana Tuzo ya Nobel kwa kazi zao za tabia za wanyama. Hilo la chapa lina chumvi kidogo, maana baadaye imeonekana kwamba muda ule si mkali kihivyo, kifaranga aliyekaa peke yake bila kuona kitu cha maana anaweza akabaki wazi zaidi kidogo, na hata wale waliofundishwa kufuata boksi ukiwaonyesha umbo la kuku, lenye kichwa na shingo, wengi bado linawavuta. Ila wiki tatu, hapana.

Halafu kuna jambo ambalo wenye video hawalifikirii hata kidogo. Hao vifaranga wamevutiwa na nani siku ile ya kwanza? Wao kwa wao! Kifaranga wa mashine ya kutotolea mayai anatoka kwenye yai anakuta wenzake wanatembea pembeni, wanalia, wanamkanyaga, na hao ndo anaowashika. Mpaka anafika kwako kwenye boksi la kusafirishia, ndugu anao tayari.

Unaweza kujaribu leo jioni. Mtoe mmoja, muweke peke yake upande wa pili wa chumba, wewe kaa karibu naye kabisa. Utasikia kile kilio kikali cha juu, pyii pyii pyii, kimoja baada ya kingine bila kupumzika, shingo kaitoa na macho yanatafuta. Wewe mama uko hapo mkono mmoja kutoka kwake na bado analia. Mrudishe kwa wenzake na kilio kinakatika palepale, kinakuwa kale kasauti kadogo ka kuguna guna cha kifaranga aliyetulia. Halafu fanya la pili, toka wewe chumbani uwaache wote. Nani kalia? Hakuna, wanaendelea kudonoa.

(Na ukiwakuta wote wanalia kwa nguvu wamejibana kona moja, tafadhali usiseme wanakuita. Wana baridi. Wiki ya kwanza wanataka kama nyuzi 35 chini ya taa, halafu unashusha kama 3 kila wiki.)

Kinachotokea kwenye bruda yako ni kuzoea, na sijui kwa nini watu wanaona hilo ni dogo, maana ndo lenye kazi. Kuku kazaliwa na hofu ya kitu kikubwa kinachoshuka kutoka juu, kwa hiyo mkono unaoingia kwa juu kwake ni mwewe, haijalishi umebeba nini. Bruda yenye mlango wa ubavuni inakusaidia kuliko maneno matamu yote. Kaa chini, kiganja chali juu ya maranda, chakula kidogo katikati, usikisogeze. Atakuja mmoja mwenye kiherehere, adonoe kucha yako kwanza, aruke nyuma, arudi. Wengine wanamwangalia huyo, hawakuangalii wewe, yeye akila wanakuja. Tumia sauti ileile kila mara ukileta chakula. Na usiwe mtu wa kuwakamata tu siku ya dawa, kwa sababu hata hilo wanajifunza, tena haraka kuliko la chakula.

Neno kufugwa nalo linaingizwa humuhumu. Kufugwa ni habari ya ukoo mzima, kuku wote hawa asili yao ni kuku mwekundu wa msituni huko Asia ya Kusini-mashariki, na ni maelfu ya miaka ya watu kuishi nao. Kuku anaweza kuwa wa kufugwa kabisa na bado hakuzoei, akikuona anapita juu ya ukuta.

Wapo waliolelewa na mtu peke yao toka saa ya kwanza, bila mwenzao hata mmoja, na hao ndo walioimprinti kweli. Wala si wa kuwaonea wivu. Ukitoka chumbani analia mpaka urudi, ukimpeleka kwa kuku wengine hajui adabu zao anadonolewa, na ndege wa namna hiyo akikomaa uchumba wake anaweza kuuelekeza kwa watu. Kama una yai moja tu kwenye mashine, tafuta na mwenzake.

Kwa hiyo hao wa kwenye video andika tu "wamenizoea", inatosha na ndo ukweli. Na wewe uliyeambiwa umechelewa kwa sababu umewachukua wakiwa na wiki mbili na wanakukimbia, hujachelewa, waliokwambia walikuwa wanazungumzia kitu kingine.