Kuhudumia wazee si huruma tu

Hapa Moshi bado utasikia watu wakisema kazi ya makao ya wazee haihitaji ujuzi: ukiwa na huruma, ukajua kupika uji na kufua mashuka, inatosha. Huruma inahitajika sana, ila peke yake inaweza kumuumiza mzee.

Chukua bibi asiyeweza kujigeuza kitandani. Mhudumu humgeuza takriban kila baada ya saa 2, usiku na mchana, maana mfupa wa nyonga ukikandamiza ngozi muda mrefu damu haipiti, kidonda kinaanza. Akigusa mahali pakawa pamoto au pagumu, ngozi imekuwa nyeusi kuliko kawaida, hapasugui. Kusugua huharibu zaidi. Humlaza upande mwingine na kuweka mto katikati ya magoti. Kumvuta juu hufanywa na watu wawili kwa shuka, bila kumburuta.

Halafu maji. Wengi humnyima mzee maji asije akakojoa kitandani. Mkojo mzito huwasha kibofu, choo huwa kigumu, na mzee anaweza kuchanganyikiwa ghafla, ndugu wakadhani karogwa. Aliyefunzwa humnywesha kidogo kidogo mchana kutwa na kumpeleka chooni kwa saa maalumu.