Je, wajua kwa nini rejista ya prosesa, ubongo wa kompyuta, inaitwa RAX?

Mwanafunzi wa kompyuta pale Iyunga, Mbeya, anapoanza asembli, lugha ya programu iliyo karibu kabisa na mashine, hukutana na AX, EAX na RAX, akadhani ni rejista tatu. Ni moja, ila ina historia.

Twende kwanza soko la Mwanjelwa. Muuza viazi ana magunia stoo, lakini mkononi ana sado, kopo la kupimia, na kila kinachouzwa kinapitia humo. Kumbukumbu ya kompyuta ndiyo stoo. Rejista ndizo sado. Ni chache mno, zimo ndani ya prosesa yenyewe, na hesabu karibu zote hufanyikia humo.

Mwaka 1972 Intel ilitoa prosesa ya 8008 yenye rejista A, B, C, D, E, H na L, kila moja ya biti 8, yaani tarakimu nane za 0 au 1. A ilikuwa akumuleta, pa kulimbikizia majibu. H na L ziliruka alfabeti kwa sababu zilishika anwani ya kumbukumbu kwa pamoja: H nusu ya juu, L nusu ya chini, kwa herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza high na low.

Ilipokuja 8086 ya Intel mwaka 1978, rejista zilifika biti 16. A ikapachikwa X mkiani, ikawa AX, na nusu zake zikaitwa AH na AL. BX ikawa ya msingi (base) wa anwani, CX ya kuhesabu (count), DX ya data. CX haikupewa jina la pambo: agizo la LOOP, la kurudia kazi, huipunguza moja kila mzunguko hadi iishe, kama muuza viazi anayehesabu sado zilizobaki gunia lijae. Kinachonichekesha ni kwamba ndani ya prosesa AX ni namba 0, CX ni 1, DX ni 2, na BX, uliyodhani ya pili, ni 3.

Mwaka 1985 ikaja 80386 ya biti 32, na E ya "kupanuliwa" (extended) ikakaa mbele: EAX. Mwaka 2003 AMD, mshindani wa Intel, ikauza prosesa za biti 64; E ikapisha R ya "rejista", tukapata RAX, pamoja na rejista mpya nane, R8 hadi R15. Jina la zamani halikufutwa kwa sababu programu za zamani bado zinaiita AX, na lazima iitike. Mnyakyusa hashangai: Mwa- hutangulia jina la babu, kama Mwakyusa au Mwaipopo, na babu anabaki ndani ya jina la mjukuu.

ARM, aina nyingine ya prosesa iliyo kwenye simu nyingi, haina ukoo huo: ile ya biti 64 ina X0 hadi X30, basi. RISC-V, aina nyingine tena, nayo ina namba tupu, x0 hadi x31, na x0 ni sifuri siku zote hata uiandikie nini. Ila waandishi wa programu walichoka namba mapema. Ile x2, inayoonyesha kilele cha steki (rundo la data ya muda kwenye kumbukumbu), wanaiita sp, jina lililokuwemo tayari kwenye 8086.