Taa ya Injini Ikizima Yenyewe, Gari la Dizeli Halijapona

Kila Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani inapokaribia, malalamiko ya wenye magari ya dizeli hapa Mwanza kwetu wakaguzi wa magari yanakuwa ya aina moja: "Mkaguzi, taa iliwaka juzi, leo imezima. Gari ni zima."

Si zima. Katika magari mengi, kompyuta ikiona hitilafu ya mfumo wa moshi mara ya kwanza huiandika kimya kimya. Ikijirudia safari inayofuata, ndipo taa huwaka. Safari tatu mfululizo zikipita salama, taa huzima, lakini kumbukumbu hubaki mpaka injini ipoe na kupata moto tena mara 40 hivi bila tatizo kurudi. Pamoja na namba ya hitilafu, kompyuta huhifadhi hali ya sekunde ile: mwendo, mzunguko wa injini, joto la maji. Kwa tatizo linalokuja na kutoweka, huyo ndiye shahidi pekee tuliye naye. Sasa mwananchi anachomoa betri usiku "kusafisha" kompyuta, asubuhi anakuja kukaguliwa. Mashine yetu ya kusoma kompyuta ya gari hutuonyesha papo hapo kwamba kumbukumbu imefutwa, maana vipimo ambavyo kompyuta hujifanyia yenyewe vinakuwa bado havijakamilika. Tunaomba sana jambo hili likome.

Namba nayo isomwe kwa akili. P0401 inasema moshi unaorudishwa kwenye injini kupitia valvu iitwayo EGR hautoshi. Haisemi nunua EGR. Masizi, waya uliolegea au kifaa cha kupimia hewa (sensa) kilichochafuka vyote vinaweza kuleta namba hiyo. Kwa upande wa chujio la masizi, yaani DPF, anza na vimipira viwili vyembamba vinavyokwenda kwenye sensa ya mgandamizo. Vichomoe, uvikunje kwa vidole pale vinapoingia kwenye bomba la chuma. Mara nyingi ufa uko upande wa chini usioonekana: injini ikiwa baridi umefumba, ikipata moto na kutikisika unafunguka, kompyuta inadanganywa, gari linakosa nguvu kwenye mlima wa Bugando na kesho yake liko sawa. Kimipira hicho ni bei ndogo sana ukilinganisha na chujio zima.

Halafu angalia plagi za sensa. Wanaopeleka gari ziwani na kupuliza injini kwa maji ya presha huingiza unyevu kwenye soketi, kisha wanalaumu dizeli ya sheli. (Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ufukweni, kwa hiyo hapo una makosa mawili.)

Chujio hujisafisha kwa kuchoma masizi kwenye joto la nyuzi 600 hivi. Gari linalozunguka Kirumba, mjini na foleni ya Igoma siku nzima halifikii joto hilo, au linakatizwa katikati. Ukiona mzunguko wa injini umepanda gari likiwa limesimama, kuna harufu ya kuungua na feni inazunguka hata baada ya kuzima gari, ujue umelikatiza. Chujio likianza kujisafisha ukiwa barabarani, endelea kwenda. Kutoka Kisesa kuelekea Magu kwa mwendo wa kawaida panatosha. Kuna wanaofurahi kuona oili inaongezeka kwenye kijiti. Ile ni dizeli iliyoshuka kwenye oili kwa sababu usafishaji haukamiliki! Imwage mara moja, weka oili inayoruhusiwa kwa injini yenye DPF.

Kuhusu kuziba EGR na kutoboa masega ya ndani ya chujio, msimamo wetu ni ule ule. Kanuni za Viwango vya Ubora wa Hewa za 2007 zipo, na Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inataka gari liwe katika hali nzuri. Utaratibu ni huu: askari akikukuta na kosa anakuandikia, unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo. Hulipi mkononi. Ukichelewa, deni huongezeka. Usipokubaliana na kosa, unayo haki ya kwenda mahakamani. Kulipa faini hakurekebishi gari. Ukikamatwa tena unaandikiwa tena.

Unapokuja kupimwa, njoo injini ikiwa na moto, bila kuchomoa betri, na mafuta yawe zaidi ya robo tanki, kwani magari mengi hukataa kusafisha chujio mafuta yakiwa chini.